Mjadala: Je, ufukara wa nchi zetu uliletwa au uliota nyumbani?

Mleta mada, Jinja:
Mwaka 1960 mchumi Mmarekani Walt Rostow alidai kwamba kila jamii hupitia hatua tano za ukuaji, kwa hiyo nchi maskini imechelewa tu njiani na itafika ikipokea mtaji na kuachana na mila zinazoizuia. Mimi siikubali hoja hiyo, na sababu yangu ni pamba. Mwaka 1908, miaka michache tu baada ya zao hilo kuenezwa kwa wakulima wetu wa Uganda, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku mashine za mkono za kuchambulia pamba kwa hoja ya kulinda ubora; kazi ikahamia kwenye majineri, yaani viwanda vya kuchambulia pamba, ambayo mkulima wa Kiafrika hakuwa na mtaji wa kuyamiliki, naye akabaki kuuza pamba yenye mbegu. Ni mila gani iliyomzuia hapo? Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alieleza mwaka 1972 kwamba utajiri wa Ulaya na ufukara wa Afrika ni historia moja. Hata leo sehemu kubwa ya kahawa yetu husafirishwa kabla ya kukaangwa, na Ujerumani, ambayo haina shamba hata moja la mibuni, huikaanga na kuiuza nje.

Mchangiaji, Mbarara:
Ndugu mleta mada, pamba umeieleza vizuri, ila hoja yako inakomea mwaka wa uhuru. Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, kisha ikabomolewa na vita, lakini Korea Kusini iligawa ardhi upya kwa wakulima na serikali yake ikayabana makampuni hadi yakauza bidhaa nje. Sisi mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, maduka na viwanda vyao viliangukia mikononi mwa wateule wa utawala, wale ambao wazee wetu waliwaita mafuta mingi, na biashara ikageuka magendo. Hilo halikuagizwa na London.

Mchangiaji, Arua:
Nyote mnaizungumzia Uganda kana kwamba ni shamba moja. Mwanasosholojia Immanuel Wallerstein, katika kazi yake ya 1974, aliigawa dunia katika kitovu chenye utajiri, pembezoni zinazonyonywa na ukanda wa kati, na ngazi hiyohiyo ilijengwa humu ndani. Wakoloni waliihesabu West Nile, eneo letu la kaskazini-magharibi, kuwa chimbuko la vibarua, kodi ikawasukuma vijana wetu kwenda kukata miwa Lugazi na Kakira huko kusini, na fedha ya mazao ikazunguka zaidi kusini. Tulikuwa pembezoni mwa pembezoni, na sioni aliyejitokeza baada ya uhuru wa 1962 kututoa huko kwa haraka.

Mleta mada, Jinja:
Ndugu wa Arua, hilo nalikubali bila masharti. Nililiacha nje nami ni mtu wa mji wa viwanda. Ndugu wa Mbarara, mafuta mingi siwatetei, lakini Korea Kusini ilipata pia misaada na soko la Marekani kwa sababu za Vita Baridi, nafasi ambayo hatukuwahi kupewa. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa, yaliyopangia kila nchi kiasi cha kuuza, yalipovunjika, bei iliporomoka ghafla. Nieleze basi ni uongozi gani wa Kampala ambao ungeizuia.