Mrejesho: Fremu ya zamani, breki ya diski

Wakuu, niliuliza kama fremu ya pikipiki yangu ya mwaka 1974 inaweza kufungwa shokapu za mbele za kisasa na breki ya diski bila kupoteza sura yake. Imewezekana!

Mlioniambia nipime shingo ya fremu (bomba la mbele linaloshika usukani) kwanza, asanteni sana. Mhimili wa usukani ulikataa kabisa kuingia kwenye beringi, mkereza vyuma akanichongea mwingine. Shokapu mpya ni fupi kwa sentimita 3, hivyo pua ilishuka na usukani ukawa unatetemeka nikiongeza mwendo. Nikazisukuma chini kwenye vibano vyake ili pua ipande tena, usukani ukatulia.

Umeme nimehamisha kutoka volti 6 hadi 12. Tenki sikuligusa, hata mbonyeo wake wa kushoto nimeuacha.