Msimamizi amekata "It is a well-known fact that" mara sita

NesiMbeya:
Habari za jioni wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu malaria kwa wajawazito. Jana msimamizi kanirudishia sura ya kwanza. Kila palipo na "It is a well-known fact that" kapitisha kalamu nyekundu, mara sita, na pembeni kaandika "Known to whom?" Sentensi ya kwanza ilisema malaria inaua watu wengi Afrika. Hilo nani asiyelijua? Mimi nimekesha wodini na watoto wenye degedege. Niweke maneno mengine au niyaondoe kabisa?

Mhariri_Tasnifu:
Pole dada. Yaondoe. Nahariri tasnifu mwaka wa kumi na moja huu, na maneno hayo nayakuta karibu kila sura ya kwanza. Yanakotoka napajua: kwa Kiswahili "kama tujuavyo" ni adabu, unamheshimu msomaji kwamba naye anajua. Msomaji wa tasnifu ya Kiingereza haioni adabu hiyo. Anaona unamtaka akubali kabla hujamwonyesha kitu.

Funika maneno hayo kwa kidole, usome kilichobaki. Kikisimama chenyewe, kiache kilivyo. Kwamba Kilimanjaro ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika, hakuna atakayekudai chanzo. Kikiyumba, kinataka takwimu. Chako kinayumba: wengi ni wangapi, mwaka gani? Ripoti ya malaria ya WHO ya 2023 inakadiria vifo 608,000 duniani kwa mwaka 2022, asilimia 95 vikiwa kanda ya Afrika. Andika hiyo, taja chanzo.

Fizikia_Arusha:
Mimi naona ubaya wake mkubwa ni kuficha makosa. Mwanafunzi wangu aliandika "It is universally accepted that water boils at 100°C." Tukabandika maji palepale maabara. Yakatokota, kipimajoto kikagota 95, hakikupanda tena. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo. Alichosahau ni "at sea level", na asingesahau kama asingeanza kwa kusema dunia nzima imekubali.

Kijana_wa_Sheria:
Mbona Azimio la Uhuru wa Marekani la 1776 lina "We hold these truths to be self-evident"?

Mhariri_Tasnifu:
Litazame neno la kwanza, mdogo wangu. "We." Wamejitaja wenyewe kuwa ndio wanaoshikilia, na chini wakaweka saini. Swali la msimamizi limejibiwa hapo.

NesiMbeya:
Asanteni sana. Nimefunika kwa kidole zote sita. Mbili zimesimama, tatu nimezitafutia takwimu. Ya sita nimeifuta. Niliandika kwamba inajulikana wajawazito wa vijijini hawapendi kulalia vyandarua. Nimerudi kwenye daftari la mahojiano: kati ya kina mama 14 niliozungumza nao, tisa walisema walipofika kliniki waliambiwa vyandarua vimeisha.