Tupeane uzoefu: hii "bila kikomo" ya kampuni za seva imewafikisha wapi?

Fundi wa Tudor
Wadau, salaam. Hapa Mombasa nani asiyeijua ploti ya vyumba kumi na tangi moja? Ukienda kuonyeshwa chumba mchana, bomba latoka vizuri. Hamia, halafu ungoje saa kumi na mbili asubuhi wote wakiamka. Seva ya kubebana (shared hosting), yaani kompyuta moja ya kampuni iliyobeba tovuti za watu wengi, ndivyo ilivyo. Prosesa, memori na diski ni za mashine moja, na kampuni huuza nafasi kupita uwezo ikitegemea kwamba tovuti nyingi zimelala. Na kweli zimelala, mpaka siku zinapoamka pamoja.

Yangu ni hii. Tovuti ya shule niliyoitengeneza ilikuwa ikifunguka kwa sekunde tisa mchana, sekunde moja usiku wa manane. Nikalaumu waya wa intaneti wa baharini, nikalaumu WordPress, programu niliyoijengea tovuti, nikang'oa plagini, vile viongezo vyake, moja moja. Huduma kwa wateja kila siku jibu lao ni lile lile: punguza plagini. Mwisho nikapandisha faili lenye neno moja tu, "hujambo". Hakuna picha, hakuna databesi. Nalo likachelewa vile vile, na tovuti zangu za kwingine kwa intaneti hiyo hiyo zafunguka mara moja. Kumbe tatizo ni seva yao; wiki mbili nzima nimejiona mjinga bure.

Haya, leteni zenu.

Mama Madera
Mwenzenu nauza madera Biashara Street. Kumi la mwisho la Ramadhani nikalipia matangazo, watu wakaingia kweli. Mara mteja kasimama mbele yangu ananionyesha simu: "Dada, mbona duka lenu la mtandaoni mmelifunga?" Ukurasa mweupe, Kizungu kidogo, na namba 508. Nampigia kijana wangu, aniambia nimefika kikomo. Kikomo gani, na risiti yaandika bila kikomo? Kumbe kisicho na kikomo ni diski. Prosesa ina kipimo chake, na hata idadi ya mafaili imeandikwa kule chini kabisa kwenye masharti. Oda za Idd nilizimalizia WhatsApp, mkono mmoja simu, mkono mmoja mkasi.

Nyumba za Nyali
Kwangu tovuti haikuanguka, barua pepe ndizo zilizopotea. Wageni wa Ujerumani wauliza bei, najibu, kimya. Jirani nisiyemjua kwenye seva ile alikuwa akirusha barua taka, na anwani ya IP, namba ya seva kwenye mtandao, ni moja kwa wote. Ikaingia kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani za barua taka ili zizuiwe, nasi tukaingia naye. Desemba ile vyumba viwili vilikaa vitupu.

Abiria wa Feri
Mimi nitawapinga kidogo. Bila kuuza kupita uwezo, bei hiyo ya chini msingeiona. Ubaya ni kujaza bila kiasi. Na msidhani VPS, ile seva pepe unayokatiwa fungu lako ndani ya mashine kubwa, ni dawa: yangu, ukifungua top, amri ya kuonyesha kazi za prosesa, namba ya st ilikuwa ikipanda hadi asilimia 25. Huo ndio muda mashine yako yangoja zamu prosesa ikihudumia wengine. Nililipa zaidi nikapanga foleni ile ile.

Fundi wa Tudor
Mama Madera, ulihama lakini?

Mama Madera
Nihame vipi, kaka? Nilipewa punguzo nikalipia miaka mitatu.