Vyumba viwili vya juu Mji Mkongwe: tuanze na nini kabla ya kupokea wageni wa kulipia?

Mjukuu wa Kiponda (muuliza swali)

Assalamu alaykum. Familia yetu ina nyumba ya ghorofa moja mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, tuliyoirithi kutoka kwa babu. Chini anaishi shangazi yangu, naye hana nia ya kuhama. Juu kuna vyumba viwili na ukumbi mdogo, ambavyo vimefungwa tangu wapangaji wa mwisho walipoondoka, na tumekubaliana tuvitengeneze ili tuwapokee wageni wa siku chache wanaolipa. Fedha tulizonazo hazitoshi kufanya yote kwa pamoja. Kaka yangu anataka tuanze na viyoyozi, rangi mpya na choo ndani ya kila chumba, kwa hoja kwamba mgeni huchagua kwa kutazama picha. Mimi nasitasita, kwa sababu ukuta wa ngazi umebambuka kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na katika chumba kimoja cha juu kuna madoa ya unyevu karibu na dari. Tungependa kufungua ifikapo Juni. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya kazi hii katika nyumba za aina hii, si katika nyumba za matofali.

Fundi wa Malindi

Wa alaykum salaam. Unachokieleza ni matatizo mawili, na yasitibiwe kwa dawa moja. Madoa ya juu yanatokana na paa au mfereji wa maji ya mvua. Hayo hayana ujanja, panda ukatazame bati, misumari na mahali paa linapokutana na ukuta wa jirani, uzibe kabla masika haijaingia mwezi Machi. Ukuta wa ngazi ni habari nyingine. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na ukuta wake hunywa maji ya ardhini kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Mtu akija baadaye akapiga lipu ya saruji au akapaka rangi ya mafuta, huwa ameziba njia ya kutokea. Maji hupanda zaidi, na chumvi iliyomo huganda nyuma ya lipu hadi inaisukuma na kuibambua. Mkipaka rangi mpya juu ya hapo itapendeza kwa miezi michache, kisha mgeni ataamka na unga mweupe juu ya sanduku lake. Bandueni saruji yote ya sehemu hiyo, acheni ukuta ukauke kwa muda mrefu kadiri mnavyoweza kuvumilia, halafu pigeni lipu ya chokaa iliyolowekwa vizuri na malizieni kwa chokaa ya kupaka. Fundi atakayewaambia kwamba saruji kidogo ndani ya chokaa haidhuru, mshukuruni na mtafute mwingine.

Kuhusu choo katika kila chumba, mimi nakataa. Sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimeingia ndani ya ukuta, na bomba likivuja hata kidogo, vichwa hivyo huoza mahali ambapo jicho halifiki. Jengeni bafu moja zuri la juu, liwe sawasawa na bafu la shangazi lililo chini, ili mabomba yashuke kwa njia moja fupi inayoweza kukaguliwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la hapa hapa Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Sisemi hivyo ili kukutisha, bali kwa sababu watu wengi huanza na mapazia wakati hawajawahi kugonga boriti moja kusikia kama ni nzima.

Mama Mwenyeji, Shangani

Mwanangu, nakubaliana na fundi, ila na mimi nina la kusema kuhusu chumba chenyewe. Kwa kuwa upana wa vyumba vyetu umefuata urefu wa boriti, mara nyingi haufiki mita tatu, na kitanda cha futi sita kwa sita kinakula karibu mita mbili kati ya hizo. Usijaze kabati, meza ya kioo na viti viwili. Kama familia bado ina samadari, kile kitanda cha kizamani chenye nguzo, itoeni, kwa kuwa imeinuka juu ya sakafu, masanduku huingia chini yake, na nguzo zake hubeba chandarua bila kutoboa dari. Chandarua kiwe kipana, kifike chini ya godoro pande zote. Chenye tundu moja ni sawa na kutokuwa nacho. Shuka ziwe za pamba, nyeupe, na kila kitanda kiwe na jozi tatu, kwa maana wakati wa masika jozi moja iko kitandani, ya pili imefuliwa na haikauki, na ya tatu ndiyo itakayokuokoa.

Viyoyozi visitangulie. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi unatosha, madirisha yakiwa na wavu wa mbu na feni ya dari ikizunguka. Joto la kweli ni la kaskazi, Desemba hadi Machi, na hapo unaweza kuweka kiyoyozi katika chumba kimoja ukatoza bei tofauti. Fedha hiyo kwanza nunua betri ya kuendesha feni na taa umeme unapokatika. Sisi tuliokuwapo Unguja mwaka 2008 tulipokaa takriban mwezi mzima bila umeme, kisha tukakaa gizani tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hatuhitaji kukumbushwa. Waya mpya wa chini ya bahari uliokuja mwaka 2013 umepunguza tabu, lakini haukuiondoa.

Katika tangazo lako sema ukweli mtupu: ngazi ni za mwinuko mkali, gari haifiki mlangoni, na azana ya alfajiri itasikika. Anayesumbuliwa na hayo atachagua kwingine, nawe utaepuka lawama. Mgeni mpya hawezi kuifuata ramani ya simu ndani ya vichochoro vya Kiponda, kwa hiyo mpangie mtu wa kumpokea Darajani au Forodhani na kumsaidia mizigo. Jambo ambalo watu hulisahau kabisa ni shangazi. Yeye ndiye mwenye nyumba mbele ya majirani, na mlango ni mmoja. Tenganisheni njia ya wageni na ua wake kwa pazia zito au mlango wa mbao, na masharti ya mavazi ya staha kwenye ngazi na ya kutoleta pombe yaandikwe kabla mgeni hajalipa, si baada ya kufika.

Mstaafu wa sheria

Naongeza kwa ufupi. Nyumba ya babu ambayo mirathi yake haijagawanywa ni ya warithi wote, hata walioko Muscat au Uingereza, na kukubaliana na shangazi peke yake hakutoshi. Pateni ridhaa ya kila mmoja kwa maandishi, ikiwa ni pamoja na namna mapato yatakavyogawanywa, na kama kuna mvutano upelekeni kwa Kadhi sasa, kabla hamjatumia fedha. Hakikisheni pia kwamba nyumba si wakfu. Mji Mkongwe uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hivyo kabla ya kugusa ukuta, dirisha au mlango mnahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Leseni ya kulaza wageni ombeni Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, naye apewe taarifa, na kitabu cha wageni kiwekwe tangu siku ya kwanza.

Mjukuu wa Kiponda

Nawashukuru nyote. Kaka amekubali bafu moja, na barua kwa ndugu walioko Muscat tumeanza kuziandika. Limebaki la maji: presha haifiki juu, na kaka anapendekeza tanki la lita 1,000 juu ya paa. Fundi, unaonaje?

Fundi wa Malindi

Tanki hilo likijaa lina uzito wa tani moja, na boriti zenu hazikuwekwa kwa ajili hiyo. Liwekeni chini uani, juu ya jukwaa la zege lililoachana na ukuta, kisha pampu ndogo ipandishe maji kwenye tanki la lita 200 litakaloketi juu ya makutano ya kuta mbili nene, kamwe si katikati ya chumba. Wekeni bomba la kumwagikia linaloonekana kutoka uani, ili pampu ikisahaulika shangazi aone maji yanadondoka kabla ukuta haujayanywa. Juni naona ni mapema mno ikiwa lipu ya ngazi haijaanza kubanduliwa. Lengeni Agosti, kipupwe kikiwa bado hakijaisha, na msipokee malipo ya mtu yeyote kabla bafu halijatumiwa na watu wa nyumbani kwa wiki kadhaa.