Kuvunja uanachama wa jimu Malindi: nilipe mwezi wa notisi, nisimamishe, au nimwachie dadangu?

Binti wa Muyeye
Salaam alaikum wadau. Nahamishiwa Lamu kikazi mwezi ujao, na jimu yangu hapa Malindi imenipa njia tatu. Niandike notisi nilipe mwezi mmoja wa mwisho, au nisimamishe uanachama mpaka nirudi, au nafasi yangu aichukue dadangu. Mnanishauri ipi? Kocha wao wa kina mama simlaumu hata kidogo, ila pesa ya kutupa sina.

Mtu wa Barani
Waalaikum salaam. Dada, yale ya maana umeyaruka. Unalipa kwa mwezi au ulilipa mwaka mzima? Ulitia sahihi fomu? Na Lamu unakaa muda gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Fundi Vyuma
Simamisha. Mimi wangu nausimamisha kila Ramadhani, na baada ya Idi narudi kwa bei ileile niliyoanza nayo. Ukivunja, ukirudi utadaiwa ada ya kujiunga upya na bei itakuwa imeshapanda.

Mama Wawili, Maweni
Fundi, mwezi wa Ramadhani ni mmoja na unajulikana mwisho wake. Mwenzenu yamenikuta, wacha niwaeleze.

Nilikuwa jimu fulani, jina silitaji. Nilipopata mimba nikamwambia kijana wa mapokezi kwamba nasimama kwanza. Akanijibu, "Sawa mama, ujifungue salama," akaandika jina langu kwenye kitabu cheusi kilichokuwa pale mezani, kando ya chupa ya dawa ya kupangusia mashine. Nikaenda zangu nimeridhika. Sasa benki nilikuwa nimeipa amri ya kuwalipa kila mwanzo wa mwezi. Mtoto anaota meno ndipo naitazama taarifa ya akaunti, nakuta pesa zimekuwa zikitoka muda wote. Kurudi pale, kijana ameacha kazi, na kitabu hakionekani. Meneja akanitolea fomu yangu, akaweka kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa: notisi iwe ya maandishi, siku 30, na zihesabiwe kuanzia tarehe ya malipo inayofuata. Maana yake ukiandika siku moja baada ya kulipa, unaumia karibu miezi miwili. Nikazungushwa, mara mhasibu amesafiri, mara subiri ofisi kuu. Mwisho nilikwenda benki mwenyewe nikaifuta ile amri. Zilizokwenda zilikwenda, na hadi leo zinaniuma.

Binti, lolote utakalochagua liandike. Peleka barua nakala mbili, yako wakutilie muhuri na tarehe.

Kijana wa Ngala
Kama anatuma mwenyewe kwa M-Pesa, hakuna anayemkata. Aache kulipa aende zake.

Mtu wa Barani
Hapana. Deni litaendelea kuandikwa kwa jina lake, na namba ya kitambulisho wanayo. Malindi atarudi.

Binti wa Muyeye
Niwieni radhi. Nalipa kwa mwezi, 3,500, natuma mwenyewe kwa M-Pesa. Fomu nilitia sahihi mwaka jana lakini nakala sikupewa. Lamu wamesema miezi sita, huenda ikazidi.

Mwanasheria Mtarajiwa
Anza na hiyo nakala. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu huduma anayoilipia. Halafu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa huduma za mazoezi zinazolipiwa kabla: una siku 10 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu.

Fundi Vyuma
Siku 10? Mtu ameingia tangu mwaka jana!

Mwanasheria Mtarajiwa
Siku hizo hazianzi kuhesabiwa kabla hujapokea nakala ya mkataba. Yeye hajapokea. Hapo ana la kusema mbele ya meneja. Wakikataa, iko mahakama ya madai madogo, inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja na unaweza kujisimamia bila wakili.

Mtu wa Barani
Kwa 3,500 aanze kupanda ngazi za korti na huku anafunga mizigo? Haki yake naikubali, lakini alipe huo mwezi mmoja, achukue risiti, alale. Aandike kabla ya tarehe ya malipo tu.

Fundi Vyuma
Na ya dadake hamjaisemea. Hapo hapotei hata senti.

Mama Wawili, Maweni
Ikiwa dada atajaza fomu yake mwenyewe na jina la Binti likafutwa, sawa. Akitumia jina la Binti, siku akichoka deni ni la Binti. Udugu na pesa mnaujua.

Mpwani wa Mkomani
Binti, karibu Lamu. Huku kisiwani hatuendi kazini kwa gari, utatembea upende usipende. Alfajiri maji yakitoka, shika njia ya ufuoni mpaka Shela na kurudi. Mchanga ule unashughulisha miguu kuliko mashine.

Fundi Vyuma
Kutembea hakujengi mgongo wala mabega. Mtu aliyezoea vyuma akiacha miezi sita anaanza upya.

Mpwani wa Mkomani
Wabebaji wa mizigo gatini hawajawahi kuingia jimu, njoo uwatazame mabega.

Binti wa Muyeye
Shukrani nyote. Nakala nitaidai kesho, ya notisi bado naipima, dada naye hajanijibu. Mpwani, mahali pa kina mama peke yao pako? Ufuoni sitakuwa huru.

Mpwani wa Mkomani
Nitamuuliza mke wangu. Wengi najua wanafanyia darini nyumbani.

Mama Wawili, Maweni
Mimi nina dambeli za kilo tano, jozi moja, zimekaa tu. Mabasi ya Mokowe, pale pa kuvukia kwenda Lamu, yanapokea mzigo.

Fundi Vyuma
Mama, Binti asipozitaka nizijie mimi. Unauza ngapi?