Kontena la vifurushi: lisubiri lijae au liondoke saa yake?

Mtoa mada: Wadau, kontena likijaa vifurushi vya mji mmoja tu, linapita vituo vya kati bila kufunguliwa. Hakuna kuchambua upya. Likiondoka nusu, ama tunasafirisha hewa, ama tunachanganya miji na kulifungua tena njiani. Mimi nasema lisubiri. Na tusifichane, wapakiaji wengine wanatupia mizigo kama wanafukia shimo la taka, ndiyo maana "limejaa" kumbe lina mapengo.

Mgongo Wangu: Nimeishia kwenye shimo la taka. Umewahi kupakia ndani ya kontena la chuma saa nane mchana? Kizito chini, chepesi juu, hilo tunalijua. Ila mkanda unaotuletea mizigo hautoi kwa mpangilio huo. Unakuletea mto, halafu betri ya gari.

Mtoa mada: Nimesema wengine, sio wote.

Mgongo Wangu: Na mimi ni mmoja wa hao wengine?

Dereva wa Usiku: Haya 😂. Mie nirudi kwenye mada. FedEx, ile kampuni ya vifurushi ya Marekani, usiku wa kwanza, 1973, walirusha ndege 14 zikiwa na vifurushi 186. Pigeni hesabu ya hewa hapo. Lakini ziliondoka kwa saa, na mteja alinunua saa, hakununua kontena lililojaa.

Bwana Hesabu: Yule McLean aliyeanzisha makontena mwaka 65 hakuwa na wapakiaji wa kulalamika.

Dereva wa Usiku: Ni 1956, mkuu. Meli Ideal X, makontena 58, Newark hadi Houston. Halafu ubora wake ulikuwa kutofungua bandarini. Sisi tuna kontena moja, wenye mizigo mamia.

Bwana Hesabu: 56, 65, tarakimu ni zilezile.

Mgongo Wangu: Kwa hesabu hizo ndiyo mnatupangia kontena lijae?

Mtoa mada: Jamani, nani amejibu swali langu?

Dereva wa Usiku: Nimejibu, umenipita. Weka saa ya mwisho: likijaa kabla, liende; saa ikifika halijajaa, changanya na mji wa jirani, lifunguliwe kituo cha mwisho tu.

Mgongo Wangu: Na huo mji wa jirani upakiwe wapi, mlangoni au ndani kabisa? Ukikosea hapo tunapakua lote. Mtoa mada ajibu hilo, yeye mtaalamu wa mashimo.