Mjadala: Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, au tutafute kwanza walimu wa Hisabati?

Mwalimu wa Kata (mleta mada)

Wadau, nafundisha sekondari ya kata, mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa miaka minne nimekuwa mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni kwetu. Msimamo wangu nausema mapema. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza au cha Pili anayeelekea kufeli anahitaji mtu mzima mmoja mwenye nafasi ya kumsikiliza, na mtu huyo hatuna. Tuna jina lake tu kwenye ubao wa majukumu ofisini.

Shuleni kwetu majina ni mawili, mimi na mwenzangu. Mimi nina vipindi 26 kwa wiki na stoo ya vitabu iko mikononi mwangu. Mwenzangu ana vipindi 24, na ndiye mwalimu wa nidhamu. Hebu fikirini: mtoto achapwe Jumatatu kwa kuchelewa, halafu Jumanne aende kwa mwalimu yuleyule akamweleze kwa nini huwa anachelewa? Haendi. Na mimi katika nafasi yake nisingeenda.

Mwaka jana tulikuwa na kijana wa Kidato cha Pili ambaye daftari lake la Baiolojia lilikuwa safi kuliko yote darasani. Mwandiko wa kutulia, kila kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mtihani wa muhula akapata 9 kwa 100. Ofisini tukasema mvivu, hajisomei. Siku moja nikamwita chini ya mwembe nyuma ya maktaba, maana chumba cha ushauri hakipo, nikamwomba anisomee mistari mitatu ya notisi zake mwenyewe. Kimya. Nikaweka kidole kwenye neno "leaf". Akasema, "Hilo nililinakili tu, mwalimu." Nikafunga daftari, nikamuuliza kwa Kiswahili mmea unapataje chakula chake. Akanieleza majani, mwanga wa jua, maji yanayopanda kutoka mizizini, hewa, vyote kwa mpangilio, na mikono ikionyesha. Alikuwa anajua. Tangu Januari ya Kidato cha Kwanza hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa lugha anayoielewa.

Zilikuwa dakika ishirini tu. Na nilizipata kwa kuwaacha Kidato cha Tatu wakinakili notisi bila mwalimu.

Napendekeza mwalimu wa ushauri asizidi vipindi 12, asipewe nidhamu, na akabidhiwe majina ya wanaoyumba mara tu baada ya mtihani wa kwanza wa Kidato cha Kwanza. Tukingoja upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili tunakuwa tumeshachelewa karibu miaka miwili. Anayepinga aje na sababu, nitamsoma.

Hisabati Kwanza

Mwalimu mwenzangu, nakuheshimu ila napinga. Shuleni kwetu tuko walimu wawili wa Hisabati kwa wanafunzi zaidi ya 600. Ukiondoa vipindi 14 kwa mtu mmoja, nani atavifundisha? Elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto walifurika, na ni jambo jema, lakini walimu wa sayansi hawakufurika nao.

Mkumbuke matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri, yaani walifeli, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wale wote walikosa kusikilizwa? Walikosa walimu, vitabu na maabara. Tena mfano wako unanipa haki mimi: kijana wako shida yake ni Kiingereza. Asiyejua lugha afundishwe lugha. Kuketi naye chini ya mwembe hakutampa msamiati.

Mama wa Mbagala

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mwaka ule mwanangu alipofeli Kidato cha Pili niliitwa shuleni mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mambo ya michango. Mara ya pili niliambiwa ana F saba. Katikati hapo, kimya.

Mtoto alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Makonda wanawaacha wanafunzi kituoni kwa sababu nauli yao ni ndogo, anapanda daladala ya tatu au ya nne, akifika geti limefungwa. Mwanzoni alikuwa anasubiri adhabu ndipo aingie. Baadaye akaona adhabu ya nini, akawa anaishia kwenye kibanda cha gemu, jioni anarudi na sare yake na begi lake, ananisalimia, anakula, analala. Mimi najua mtoto katoka shule! Haya yote nimeyajua Novemba. Angeniuliza mtu mwezi Machi, "Mama fulani, mwanao anafikaje shuleni?" ningemtafutia uhamisho shule ya karibu. Mwalimu wa Hisabati, baba yangu, nakubali mko wachache. Lakini hata mngekuwa kumi, mtoto aliye nje ya geti mngemfundishaje?

Mstaafu

Nimekuwa mkuu wa shule tatu kabla ya kustaafu, nami nina hofu ambayo mleta mada hajaigusa. Mkuu wa shule anapimwa kwa ufaulu. Ukimpa orodha ya watoto dhaifu mwezi wa nne, wapo watakaoitumia kumwambia mzazi, "Mhamishe mwanao mapema." Nimewahi kukaa kikao ambacho jambo hilo lilisemwa bila haya. Kwa hiyo orodha ibaki kwa mwalimu wa ushauri, isifike kwenye kikao cha taaluma.

Pili, zamani kila mwalimu alikuwa mlezi wa watoto wachache, mnawaita familia, mnakula nao chakula cha mchana Ijumaa. Watoto 15 au 20 unawajua hadi majina ya bibi zao. Labda hakuna haja ya kumbebesha mtu mmoja shule nzima.

Kuhusu viboko, kanuni inajulikana: ni mkuu wa shule au aliyemteua, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mtoto anayechapwa getini na kila anayepita hafikishwi kwenye ushauri na mtu yeyote.

Nilikariri

Shikamoo mzee. Nimekariri Kidato cha Pili, kwa hiyo nazungumza kutoka upande wa pili wa meza. Majina yetu yalisomwa paredi. Kuanzia siku ile wadogo niliokuwa nawatuma chaki wakawa wanadarasa wenzangu, na tulishaambiwa ukifeli tena unaondoka.

Mwalimu wa ushauri aliniita mara moja. Ilikuwa ofisini, walimu sita wanasahihisha madaftari, mmoja anakunywa chai. Akaniuliza kwa sauti, "Una tatizo gani nyumbani?" Nikasema sina. Nilikuwa nalo. Baba alikuwa ameondoka na nilikuwa nalala na wadogo zangu watatu kwenye chumba kisicho na taa. Nani angelisema lile mbele ya watu sita? Kwa hiyo mleta mada, kwangu mimi chumba ni muhimu kama vipindi, hata kama ni kona yenye pazia.

Na Hisabati Kwanza hajakosea kote. Aliyenitoa pale ni mwalimu wa Kiswahili, wala hakuwa wa ushauri. Alinipa kidaftari kidogo, kila siku maneno kumi ya Kiingereza kutoka kwenye notisi zangu, jioni ananiuliza matano. Lakini alianza hivyo baada ya kunikuta nalia chooni, akakaa nje akasubiri nitoke. Bila kusubiri kule, kidaftari kisingekuwepo.

Mwalimu wa Kata

Nimesoma yote. Mzee, hoja ya orodha naipokea kama ilivyo. Familia pia, kwa kuwasalimia watoto na kujua nani hayupo. Ila kuna mambo hayawezi kusemwa kwenye familia. Tangu waraka wa Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni. Mmoja alirudi kwetu mwaka jana. Saa nne kifua kinajaa maziwa, anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila siku wakati uleule, na mwalimu wa kipindi anaandika "mtoro wa ndani". Mambo yale alihitaji kuyasema kwa mtu mmoja tu, mwanamke, na mlango umefungwa.

Hisabati Kwanza, kutoka vipindi 12 nalegeza hadi 16, kwa masharti kwamba nidhamu iondoke kabisa. Kuhusu fedha, mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa Machi 2020, umejenga madarasa ambayo tunayaona kwa macho, na shule salama ni sehemu ya mradi wenyewe. Kwenye kila jengo jipya tuombe chumba kimoja kidogo chenye mlango. Na kwamba kijana wangu alihitaji lugha, ni kweli. Ila walimu tisa walimfundisha kwa mwaka na nusu na hakuna aliyegundua, mimi nikiwa mmojawapo.

Hisabati Kwanza

Kuhusu vipindi bado sijashawishika, nitarudi tubishane. Lakini hapa mezani nina karatasi za Kidato cha Kwanza B, na saba wamepata chini ya kumi. Nilikuwa nimepanga kesho niwape masahihisho. Badala yake nitawaita mmoja mmoja wakati wa mapumziko, anisomee swali la kwanza kwa sauti, kisha anieleze kwa Kiswahili linataka nini. Jioni nitawaambia wangapi walishindwa hesabu na wangapi hawakulielewa swali.